Picha Ilisogea, Tafsiri Ikabaki: Uchambuzi wa Kisa cha Modi za Kuhariri Video

Kisa hiki kinahusu filamu fupi ya dakika 14 iliyohaririwa katika studio ndogo mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, kwa ajili ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa ya arabika kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Wakulima walihojiwa kwa Kimasaba, lugha ya wenyeji wa eneo hilo. Kwa kuwa filamu ilikusudiwa kuonyeshwa pia kwa wageni kutoka Kenya na Tanzania, maneno yao yalitafsiriwa na kusomwa kwa Kiswahili na msimulizi, kisha manukuu ya Kiingereza yakawekwa chini ya picha kwa ajili ya wafadhili. Siku chache kabla ya maonyesho, studio ilifanya mabadiliko mawili ambayo kila mtu aliyaona kuwa madogo: kuongeza picha moja ya kuosha kahawa, na kuondoa sentensi moja ya mama mkulima aliyekuwa ameeleza deni alilokuwa nalo kwa dalali wa kahawa. Mama huyo mwenyewe ndiye aliyeomba sentensi hiyo itolewe, na alikuwa na haki kamili ya kuomba hivyo, kwa sababu dalali ni jirani yake na watoto wao wanasoma shule moja.

Filamu ilipopelekwa kwa uongozi wa ushirika ili ipitishwe, mwenyekiti alipiga simu studio na kumwambia mhariri, “Mwanangu, mbona yale maneno ya mama bado yamo?” Mhariri alijibu kwa heshima, “Hapana, mzee, tuliyatoa, hata picha yake imekatwa.” Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Sentensi ilikuwa imetolewa kwa Kimasaba, lugha ambayo mama aliisema. Ilikuwa imebaki kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, lugha mbili ambazo wageni wangeisikia na kuisoma.

Niliombwa kuukagua mradi huo ili ieleweke jambo hilo liliwezekanaje, na ninaandika uchambuzi huu kwa sababu chanzo chake kipo katika kila programu ya kuhariri video yenye treki nyingi, yaani mistari ya picha na sauti iliyopangwa moja juu ya nyingine, tena kipo mahali ambapo wahariri wengi hawapatazami. Programu iliyotumika ni Adobe Premiere Pro, na ni vema kusema mapema kwamba haikuwa na hitilafu yoyote. Ilitekeleza ilichoagizwa, treki kwa treki.

Ili kisa kifuatike, ni lazima kwanza tuiangalie taimulaini yenyewe, yaani ule uwanja ulio chini ya kioo ambako vipande vya picha na sauti hupangwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa mfuatano wa muda. Taimulaini ya filamu hii ilikuwa na treki tatu za picha na treki nne za sauti. Treki ya kwanza ya picha ilibeba mahojiano, ya pili ilibeba picha za shamba zinazofunika mahojiano kwa muda, na ya tatu ilibeba majina ya wasemaji pamoja na manukuu. Upande wa sauti, treki mbili za kwanza zilikuwa na sauti ya wakulima, moja kutoka kwenye kamera na nyingine kutoka kwenye maikrofoni ndogo ya kifuani. Zote mbili zilikuwa zimeunganishwa na picha zao. Treki ya tatu ilikuwa ya msimulizi wa Kiswahili, na ya nne ilikuwa ya muziki na sauti za mazingira. Filamu ilirekodiwa na kuhaririwa kwa kasi ya fremu 25, yaani picha mojamoja 25, kwa sekunde, jambo litakalokuwa na maana tutakapofika kwenye hesabu.

Sasa, modi ya kuhariri ni nini hasa? Mafunzo mengi huieleza kama njia ya kuingiza klipu, yaani kipande cha picha au sauti: ukichagua kupachika, klipu mpya inajitengenezea nafasi na vilivyo mbele yake vinasukumwa kulia, ukichagua kufunika, klipu mpya inakalia nafasi iliyopo na kufuta kilichokuwa hapo, huku urefu wa filamu ukibaki vilevile. Maelezo hayo ni sahihi lakini yanaishia njiani. Kila modi hujibu swali la kitakachotokea kwa vitu vyote vilivyo upande wa kulia wa mkato. Lipo swali la pili ambalo modi yenyewe hailijibu: ni treki zipi zitakazotii jibu hilo? Jibu la swali la pili hutolewa na vitufe vidogo vilivyo mwanzoni mwa kila treki, mbali na mahali ambapo macho ya mhariri huwa yanafanya kazi. Kisa chetu kilitokana na swali la pili. Mhariri alichagua modi sahihi mara zote mbili.

Katika Premiere Pro vitufe vinavyotuhusu hapa ni vya aina tatu, na mara nyingi watu huvichanganya. Vipo vitufe vya kulenga, vinavyoamua klipu itaingia treki ipi au itatolewa treki ipi. Lipo kufuli la treki, ambalo huizuia treki nzima isiguswe kwa namna yoyote, wala kusogezwa wala kukatwa. Na lipo kufuli la ulinganifu, ambalo kazi yake inakaribia kuwa kinyume cha hilo la pili: likiwa limewashwa, treki hukubali kusogea pamoja na nyingine kila pale upachikaji au unyofoaji (kuondoa kipande na kuziba pengo lake) unapobadilisha urefu wa filamu, hata kama treki hiyo haikulengwa. Likizimwa, treki hubaki palepale ilipo wakati wenzake wanahama. Kufuli moja hulinda mahali pa klipu kwenye saa ya filamu, na kufuli jingine hulinda uhusiano wa klipu na klipu nyingine. Katika filamu yenye lugha tatu, uhusiano huo ndio maana yenyewe ya maneno.

Hali ya taimulaini siku ya mabadiliko ilikuwa hivi. Treki ya tatu ya picha, yenye manukuu, ilikuwa imefungwa kwa kufuli la treki. Mhariri mwenzake aliifunga baada ya kumaliza kusahihisha Kiingereza, ili mtu asiyaguse manukuu kwa bahati mbaya, na nia yake ilikuwa njema kabisa. Treki ya muziki ilikuwa imezimwa kufuli la ulinganifu, nayo kwa sababu nzuri: treki yenye kufuli hilo ikiwa na klipu ndefu inayopita juu ya mahali pa kupachika, klipu hiyo hukatwa vipande viwili na kuachwa pengo katikati, na hakuna anayetaka wimbo ukatike ghafla kwa sababu tu picha imeongezwa. Treki ya msimulizi nayo ilizimwa kufuli hilo siku hiyohiyo wakati baadhi ya sentensi zake zilipokuwa zikirekodiwa upya na kusogezwa huku na huku. Kazi ya kurekodi ilikwisha, lakini kufuli halikuwashwa tena. Kwa hiyo treki tatu kati ya saba zilikuwa nje ya mwendo wa pamoja, kila moja kwa sababu yake, na hakuna hata moja kati ya sababu hizo iliyokuwa ya kipuuzi.

Badiliko la kwanza lilikuwa la kupachika. Katika dakika ya nne, picha ya kuosha kahawa yenye urefu wa sekunde 6 na fremu 10, sawa na fremu 160, iliingizwa kati ya mahojiano mawili. Treki mbili za chini za picha na treki mbili za sauti za wakulima zilifunguka vizuri na kusogea kulia kwa fremu 160. Manukuu, msimulizi na muziki havikusogea. Kuanzia hapo, kila neno la Kiswahili lilianza mapema kuliko lilivyopaswa kwa zaidi ya sekunde sita.

Badiliko la pili lilikuwa la kunyofoa. Katika dakika ya saba mhariri alitia alama ya mwanzo na mwisho wa sentensi ya mama, urefu wa sekunde 4 na fremu 5, sawa na fremu 105, kisha akainyofoa, yaani akaiondoa na kuliziba pengo. Angeweza kuiinua tu, na pengo lingebaki. Lakini kunyofoa ndiyo iliyokuwa modi inayofaa, kwa kuwa hakuna aliyetaka sekunde nne za giza katikati ya mahojiano. Treki zilezile nne zilitii na kurudi kushoto kwa fremu 105. Treki tatu zilizobaki hazikukatwa wala kuvutwa. Kwa hiyo sentensi ya deni ilibaki kamili kwenye sauti ya msimulizi na kwenye manukuu, na kwa sababu treki hizo zilikuwa zimetangulia kwa fremu 160 kutokana na badiliko la kwanza, sentensi hiyo sasa ilisikika wakati mama huyo yuko kwenye kioo, mdomo wake ukisogea, akizungumzia migomba inayoipa kahawa kivuli.

Hapa tunafika kwenye jambo lililonishughulisha kuliko yote: kwa nini hakuna mtu studioni aliyeliona? Watu hawa ni makini, na waliitazama filamu baada ya kuihariri.

Sababu ya kwanza ni kwamba makosa mawili yalipunguzana. Treki za picha zilikwenda kulia fremu 160, kisha zikarudi kushoto fremu 105, hivyo kuanzia dakika ya saba hadi mwisho tofauti iliyobaki ilikuwa fremu 55 tu, yaani sekunde 2 na fremu 5. Kwa kawaida msimulizi wa tafsiri huanza kusoma kama sekunde mbili baada ya msemaji kufungua kinywa, ili mtazamaji aisikie kwanza sauti halisi ya mtu. Tofauti ya sekunde mbili ilimaanisha kwamba, katika nusu ya pili ya filamu, msimulizi alianza pamoja na msemaji badala ya kumfuata. Hilo ni kosa, lakini sikio linalikubali kwa urahisi. Watu walioruka hadi mwishoni ili kuhakikisha kwamba sauti haijahama walikuta hali inayoridhisha, wakatulia. Sehemu iliyoharibika kabisa ilikuwa ile ya kati, dakika ya nne hadi ya saba, ambako msimulizi alianza kutoa maneno ya mkulima wa pili zaidi ya sekunde nne kabla ya mkulima wa kwanza kumaliza kuonekana.

Sababu ya pili ni kwamba walikagua midomo. Mhariri anapoogopa kuwa picha na sauti zimeachana, hutazama midomo ya wanaozungumza, na midomo ilikuwa sawa kabisa kwa kuwa sauti za Kimasaba ziliunganishwa na picha zao na zilisogea nazo. Premiere Pro ina alama nyekundu yenye namba ya fremu inayojitokeza kwenye klipu pale picha na sauti zilizounganishwa zinapotengana. Alama hiyo haikutokea popote, na isingeweza kutokea, kwa sababu tafsiri ya Kiswahili haikuwahi kuunganishwa na picha yoyote. Programu hupima ulinganifu wa vitu vilivyoambiwa kuwa ni kitu kimoja. Uhusiano kati ya maneno ya mama na tafsiri yake ulikuwa kichwani mwa watu, si kwenye faili.

Sababu ya tatu ni ya lugha. Aliyefanya mabadiliko haelewi Kimasaba. Ni kijana wa Kampala aliyekulia katika Kiganda na Kiingereza, na Kiswahili anakielewa kwa kiasi. Kwake, msimulizi aliyekuwa akisoma juu ya sauti ya mkulima alisikika sawa popote alipowekwa. Mwenyekiti, ambaye anajua Kimasaba na Kiswahili, aliligundua kosa kabla dakika ya tano haijaisha. Uganda ina lugha nyingi, na Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, kinazidi kuombwa katika kazi za aina hii. Filamu ambayo watengenezaji wake hawaelewi treki zake zote ni jambo la kawaida kwetu, na litaendelea kuwa la kawaida. Kwa sababu hiyo makufuli ya treki yana uzito mkubwa kwetu kuliko kwa mhariri anayefanya kazi katika lugha moja tangu mwanzo hadi mwisho, ambaye sikio lake humwonya papo hapo.

Kurekebisha kwa kutendua, yaani kurudisha nyuma hatua zilizofanywa, hakukuwezekana. Mradi ulikuwa umefungwa na kufunguliwa tena, na orodha ya hatua za kutendua hupotea mradi unapofungwa. Kuburuta kwa kipanya na kukadiria kwa macho kungeleta tofauti nyingine ndogondogo. Tulifanya kwa hesabu. Tulifunga kwa kufuli la treki zile treki nne zilizokuwa sahihi, tukafungua treki ya manukuu, kisha tukachagua klipu zote za msimulizi na za manukuu zilizo upande wa kulia wa mahali palipopachikwa picha ya kuosha kahawa, na kuzisogeza mbele kwa fremu 160 kwa kutumia vitufe vya namba. Baada ya hatua hiyo moja, dakika ya nne hadi ya saba ilirudi mahali pake kwa usahihi wa fremu.

Hatua ya pili ilihitaji uangalifu zaidi, na hapa ndipo ushauri unaotolewa mara kwa mara, kwamba makufuli ya ulinganifu yawashwe daima na mambo yatakuwa salama, unapoonekana kuwa haujitoshelezi. Tuseme makufuli yote yangekuwa yamewashwa siku ile. Unyofoaji ungekata fremu 105 kutoka kwenye kila treki kwa mstari mmoja ulionyooka. Lakini tafsiri haikai chini ya neno lake kwa mstari ulionyooka. Sentensi ya Kiswahili ilianza baada ya ile ya Kimasaba na ilikuwa ndefu kuliko hiyo, kwa hiyo mkato ungeanza ndani ya sentensi iliyotangulia, ambayo haikuwa na kosa lolote, na kuuacha mkia wa sentensi ya deni ukining'inia. Mkia huo ulikuwa na neno “dalali”. Kwa maneno mengine, hata mpangilio ambao vitabu vya mafunzo vinausifu ungeacha ndani ya filamu neno lilelile ambalo mama hakutaka lisikike.

Utaratibu unaofaa ulikuwa huu, na ndio tuliofuata: kwanza kuiinua sentensi ya msimulizi peke yake, kwa kusikiliza mwanzo na mwisho wake, na kuacha pengo, kuyaondoa manukuu yake, halafu ndipo kuvivuta vilivyobaki kushoto kwa fremu 105. Kama kazi ingekuwa inaanza upya, mpangilio ungekuwa uleule: maana ikatwe kwa mkono, kila treki mahali pake, na kuacha pengo, kisha vilivyo upande wa kulia vivutwe kushoto kwenye treki zote kwa pamoja. Kukata na kusogeza ni kazi mbili, na modi ya kunyofoa huzifanya zote kwa pigo moja. Kasi hiyo ina faida mahali ambapo treki zote zinasema jambo moja kwa wakati mmoja. Kwenye tafsiri hazisemi kwa wakati mmoja.

Wapo waliouliza kama programu nyingine ingetuepusha na haya. Kwa kiasi, ndiyo. Final Cut Pro, tangu toleo lake la mwaka 2011, ina taimulaini ambayo klipu za ziada hushikamanishwa na klipu ya picha kuu, na zinahama pamoja nayo bila kutegemea vitufe vya treki. Badiliko la kwanza lisingeleta madhara huko. La pili, hata hivyo, lingekuja na hatari yake, kwa kuwa ukifuta klipu kuu, zilizoshikamana nayo hufutwa pamoja, ziwe zinahusika au hazihusiki. Kdenlive, ambayo haitozwi fedha na ambayo studio nyingi ndogo zinaweza kuitumia, ina modi tatu zinazochaguliwa waziwazi juu ya taimulaini: ya kawaida, ambayo haikubali klipu moja iangukie nyingine kwenye treki ileile, ya kufunika, na ya kupachika. Modi ya kawaida inampa mwanafunzi ulinzi mzuri, na ningependa wanaoanza waizoee kabla ya zile mbili nyingine. Lakini nako kuna treki zinazolengwa na treki zinazofungwa, na swali la nani atasogea linabaki mikononi mwa mhariri. Waliohariri kwa filamu za milimita 16 walilibeba swali hilohilo kwa vidole: aliyeongeza kipande cha picha alilazimika kuongeza urefu uleule kwenye kila mkanda wa sauti, la sivyo kila kilichofuata kiliachana.

Studio ile imebadilisha mambo machache. Treki ya msimulizi na ya manukuu sasa hubaki na kufuli la ulinganifu limewashwa muda wote, na kufuli la treki halitumiki tena kwa manukuu isipokuwa mtu yuko kazini papo hapo na anajua kwa nini amelifunga. Kila sentensi ya msimulizi huwekwa kwenye kundi moja na manukuu yake, ili ikichaguliwa moja nyingine ije nayo. Kabla ya kupachika au kunyofoa jambo lolote, taimulaini hunakiliwa na kupewa jina la siku hiyo, jambo lisilochukua hata dakika moja na linalofanya kazi ya kutendua hata baada ya umeme kukatika. Na nakala ya mwisho haitoki mpaka isikilizwe yote, bila kurukwa, na mtu anayeelewa lugha ya mahojiano pamoja na lugha ya tafsiri. Kwa filamu hii alikuwa mwalimu mstaafu wa ushirika huo, aliyekaa na mhariri mchana mmoja na kusimamisha filamu kila alipotilia shaka.

Treki ya muziki peke yake ndiyo iliyoachwa bila kufuli la ulinganifu. Niliunga mkono uamuzi huo, kwa sababu muziki haumnukuu mtu, na ni bora uwekwe upya kwa sikio baada ya mabadiliko kuliko kukatwakatwa na mashine. Jina la treki hiyo limeandikwa sasa “MUZIKI – HAUSOGEI NA PICHA”, ili atakayefungua mradi baadaye, hata kama hakuwapo, asome kabla ya kugusa.